Wino Hauchori Mwanga: Jinsi ya Kuisoma Michoro ya Kanisa la Étienne-Louis Boullée

Liko kanisa kuu la Paris ambalo halikujengwa kamwe. Msanifu majengo Étienne-Louis Boullée alilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1780, akaliita Métropole, yaani kanisa la askofu mkuu, kisha akalichora kwa wino mpaka likakamilika kwenye karatasi: ramani ya chini, sura ya nje, mkato unaoonyesha tumbo lake lote, na mwisho mandhari ya ndani. Hiyo ya ndani aliichora mara mbili. Mchoro mmoja unaonyesha kanisa siku ya Fête-Dieu, sikukuu ambayo Wakatoliki wetu wanaiita Mwili na Damu ya Kristo, siku ya maandamano ya Ekaristi. Wa pili unaonyesha kanisa hilohilo wakati wa ibada ya giza ya Juma Kuu, iliyojulikana kwa Kilatini kama Tenebrae, ambamo kwa desturi mishumaa 15 huzimwa mmoja baada ya mwingine kadiri zaburi zinavyoendelea kuimbwa.

Nguzo hazikusogezwa. Dari ni lilelile, kuba ni lilelile. Kilichobadilika ni mwanga peke yake, na kwa mabadiliko hayo nyumba ya shangwe imegeuka nyumba ya maombolezo. Sijui njia fupi kuliko hii ya kuingia katika jambo linalowatatiza wengi wanapotazama michoro ya wino ya karne ya 18. Wino ni mweusi. Ni masizi na gundi, basi. Mtu anawezaje kuchukua kitu cheusi akakifanya kionyeshe jua likimiminika kutoka juu ya kuba?

Jibu ni kwamba mwanga hauchorwi hata kidogo. Mwanga wote unaouona pale ni karatasi ambayo haikuguswa, au iliyoguswa kidogo kuliko jirani yake. Kazi yote ya mkono inafanyika upande wa giza: mstari unaweka mipaka, kivuli kinapima kina, na umbo linazaliwa pale viwili hivyo vinapokubaliana. Boullée aliuelewa ufundi huu kiasi cha kuugeuza kuwa hoja. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanga ni kifaa cha ujenzi sawa na jiwe, na kwamba msanifu asiyeupanga mwanga ameliacha jengo nusu.

Boullée alizaliwa Paris mwaka 1728. Alitamani kuwa mchoraji wa picha za rangi, lakini baba yake, mtu wa fani ya majengo, akamwelekeza kwenye usanifu. Tamaa ile ya ujana haikufa. Alipoandika insha yake kuhusu usanifu, aliifungulia kwa maneno ambayo mapokeo yanayanasibisha na mchoraji wa Kiitalia Correggio: mimi pia ni mchoraji. Alijenga nyumba kadhaa za matajiri, akapokewa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Usanifu mwaka 1762, akafundisha kwa miaka mingi, na kadiri umri ulivyosogea alizidi kuelekeza nguvu zake kwenye majengo makubwa ambayo hakuna hazina ya nchi ingeweza kuyagharimia. Alifariki mwaka 1799 akiwa ameliachia taifa michoro yake na mswada wa insha ile. Michoro imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na mswada haukuchapishwa mpaka mwaka 1953. Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua michoro hiyo kwenye Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba hiyo, na kuikuza mpaka aone mahali brashi ilipopita.

Kwa nini kanisa? Kwa sababu enzi ile hapakuwa na jengo lililobishaniwa zaidi. Wasanifu wa Ufaransa walikuwa wamechoshwa na mapambo ya mikunjo na makombe ya baharini yaliyotawala nusu ya kwanza ya karne. Magofu ya miji ya kale ya Kirumi yalianza kuchimbuliwa, Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748, na vijana waliopelekwa Rome kusoma walirudi na madaftari yaliyojaa nguzo na mahekalu. Mtindo uliozaliwa, urasimi mpya, ulitaka nguzo ibebe mzigo kweli na ukuta usidanganye. Swali likawa: hekalu la Kigiriki lilikuwa chumba chenye giza cha kuhifadhia sanamu ya mungu, na waumini walibaki nje, unalifanyaje liwe kanisa la kukusanya maelfu ndani, penye mwanga wa kuwatosha kusali?

Jacques-Germain Soufflot alijaribu kujibu kwa mawe. Mwaka 1755 alipewa kazi ya kujenga kanisa la Mtakatifu Genevieve, mlinzi wa Paris, kwa nadhiri ya Mfalme Louis wa 15 aliyekuwa ameugua sana mjini Metz mwaka 1744 akapona. Msaidizi wake Brébion aliandika baadaye kwamba lengo lilikuwa kuunganisha wepesi wa makanisa ya Kigothiki, yale marefu ya Zama za Kati, na usafi wa usanifu wa Kigiriki. Mfalme alipokuja kuweka jiwe la msingi Septemba 1764, ukumbi wa mbele ulikuwa tayari umesimama kwa kimo chake kamili, lakini ulikuwa wa turubai iliyopakwa rangi juu ya fremu za mbao. Mchoraji Pierre-Antoine Demachy aliihifadhi sherehe hiyo katika picha yake. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha hadhi ambayo mchoro ulikuwa nayo: taifa zima lilisherehekea kanisa ambalo kwa siku hiyo lilikuwa rangi na kivuli tu.

Mstari

Tuanze na mstari, maana ndio unaotangulia mezani. Mchoro wa jengo ulianza kwa risasi nyembamba ya grafaiti, rula na bikari. Karatasi ya aina hii ikishikwa chini ya mwanga wa pembeni huonyesha vitundu ambapo sindano ya bikari ilikita, na mikwaruzo isiyo na wino iliyochorwa kwa ncha ya chuma ili kuongoza mkono. Ndipo wino ukaja, kwa kalamu maalumu yenye ndimi mbili za chuma zinazokazwa kwa skrubu ndogo. Ukilegeza skrubu mstari unanenepa, ukiikaza unakonda. Mkono hauruhusiwi kutetemeka wala kusita katikati, kwa kuwa wino hukusanyika pale uliposita na kuacha doa.

Mstari huu hauna hisia, na ndivyo ulivyokusudiwa. Kazi yake ni vipimo. Fundi mjenzi akitaka kujua nguzo ina upana gani chini ya taji lake, anaweka bikari juu ya mistari miwili na kusoma. Ndiyo sababu mchoro wa sura ya mbele hauonyeshi jengo kama jicho linavyoliona. Jicho huona vitu vya mbali vikiwa vidogo. Sura ya mbele hukataa hilo na kuweka kila nguzo katika kipimo kilekile, hata kama moja imesimama mita kumi nyuma ya nyenzake. Ni ukweli wa aina yake, lakini una gharama. Nguzo sita zilizo mbele ya ukumbi wa Soufflot na ukuta ulio nyuma yao, vikichorwa kwa mistari mitupu, vinalala kwenye bapa moja. Huwezi kujua kipi kiko karibu. Wachonga picha za kuchapishwa walikuwa na dawa ndogo ya tatizo hili: mstari wa upande ambao mwanga haufiki ulinenepeshwa kidogo, wa upande wa jua ukaachwa mwembamba. Inasaidia, ila haitoshi.

Aina ya wino nayo haikuwa jambo dogo. Wino wa kawaida wa kuandikia barua ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya mti wa mwaloni. Ukikaa huwa kahawia, na wenye asidi nyingi hula karatasi. Kwa majengo ulipendelewa wino ulioitwa wa Kichina: kipande kikavu cha masizi na gundi, kinachosuguliwa kwa maji juu ya jiwe mpaka upate weusi unaoutaka. Masizi ni kaboni, na kaboni haipauki. Weusi wa Boullée tunaouona leo ni karibu sana na ule aliouacha yeye. Kilichozeeka ni karatasi, ambayo huingia manjano kadiri miaka inavyopita. Na kwa kuwa karatasi ndiyo mwanga, sehemu za jua katika michoro hii ndizo zilizopoteza zaidi, wakati vivuli vimebaki imara. Mtazamaji anapaswa kukumbuka hilo: kanisa la Fête-Dieu liling'aa zaidi siku lilipochorwa kuliko linavyong'aa sasa.

Kivuli chenye vipimo

Hapa ndipo pana uhondo, na ndipo maelezo mengi ya vitabuni yanapopita haraka mno.

Wasanifu wa wakati ule walikubaliana kwamba jua la mchoro linatoka mahali pamoja siku zote: juu, kushoto, mbele ya jengo. Mwali wake husafiri kama ulalo wa mchemraba, kutoka pembe ya juu kushoto iliyo mbele hadi pembe ya chini kulia iliyo nyuma. Ukiutazama mwali huo kwa mbele unaonekana umelala kwa nyuzi 45. Ukiutazama kutoka juu, kwenye ramani, nao una nyuzi 45. Kwa uhalisi mwinuko wake juu ya ardhi ni nyuzi 35 na dakika 16, lakini mchoraji hahitaji kuijua namba hiyo. Anachohitaji ni kanuni inayozaliwa nayo: kitu kilichotokeza mbele ya ukuta kwa mita moja hutupa kivuli kinachoteremka mita moja na kusogea kulia mita moja.

Tafakari maana yake. Chukua ukanda wa mawe uliotokeza juu ya ukuta wa kanisa. Kwenye mchoro wa mistari ni mstari tu, huwezi kujua umetokeza kiasi gani. Ukitiwa kivuli kwa kanuni hii, utepe mweusi ulio chini yake una urefu uleule wa kule kutokeza. Unaweza kuupima kwa bikari. Kina, ambacho sura ya mbele ilikuwa imekifuta, kimerudi kwa njia ya giza. Ukumbi wenye nguzo mbele na ukuta nyuma unakuwa wazi mara moja, kwa sababu vivuli vya nguzo vimeanguka ukutani vikiwa vimehama kulia na chini kwa umbali uleule ulio kati ya nguzo na ukuta. Kwa hiyo kivuli katika michoro hii ni taarifa kabla ya kuwa urembo. Mtu anayekisifia kwa uzuri peke yake ameisoma nusu ya karatasi.

Sasa sogea karibu na nguzo moja. Nguzo ni mcheduara uliosimama wima, na mwali unaupiga kutoka kushoto. Mahali penye mwanga mkali kabisa si kwenye ukingo wa kushoto, ni ndani kidogo. Na mahali giza linapoanza si katikati wala ukingoni kulia. Ikiwa nusu ya upana wa nguzo ni sentimita 10 kwenye mchoro, hesabu ya nyuzi 45 inaweka mpaka wa kivuli sentimita 7 hivi kulia kwa mhimili wa katikati, na sehemu angavu kabisa sentimita 7 kushoto kwake. Zile sentimita 3 zilizobaki upande wa kulia haziguswi na jua hata kidogo. Mwanafunzi mgeni huzijaza weusi mtupu, akadhani amemaliza. Aliyefunzwa vizuri anazichukulia kwa upole: huweka weusi mzito pale pale kwenye mpaka, kisha huupunguza taratibu kuelekea ukingoni, kwa sababu ukuta na sakafu vilivyo nyuma vimepigwa na jua na vinarudisha mwanga kidogo kwenye mgongo wa nguzo. Ule mwanga wa kurudishwa, hafifu kiasi cha kutotambulika ukiwa na haraka, ndio unaoifanya nguzo iwe ya mviringo. Ukiuondoa, nguzo inakuwa ubao uliopakwa rangi mbili.

Kuupunguza weusi huo ni kazi ya maji. Karatasi ililoweshwa kwanza, kingo zake zikagundishwa kwenye ubao, ikakauka na kukaza ili isije ikavimba baadaye. Wino uligawanywa katika vikombe kadhaa, kuanzia uliochanganywa na maji mengi hadi ulio mzito. Ubao uliinamishwa, brashi ikajazwa, na dimbwi dogo likavutwa kutoka juu kwenda chini kwa mwendo mmoja, kama mtu anavyoyafukuza maji sakafuni kwa ufagio bila kuyaacha yatuame. Brashi ya pili, yenye maji matupu, ilifuata kulainisha ukingo. Kisha ikabidi kungoja. Tabaka likipakwa juu ya lililo bichi, linachimba doa ambalo halitoki. Uso wa ukuta mmoja ungeweza kubeba matabaka mengi mepesi, na kila moja ni angavu: jicho linapenya hadi kwenye karatasi iliyo chini. Ndiyo maana vivuli vya mchoro mzuri wa aina hii vina pumzi ndani yake, na huoni weusi uliokufa.

Karatasi yenyewe ilichangia. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani juu ya chekeche la nyaya zilizolazwa sambamba, na nyaya hizo ziliacha mistari midogo ambamo wino ulijikusanya. Katika miaka ya 1750 mtengenezaji wa Uingereza James Whatman alianza kutumia chekeche lililofumwa kwa nyaya nyembamba, na karatasi yake ikatoka laini. Wasanifu na wachoraji wa rangi za maji waliifurahia kwa miaka mingi iliyofuata, kwa kuwa wino ulitanda bila kukwama.

Tunafika kwenye umbo. Boullée aliandika kwamba tufe ndilo umbo kamili kuliko yote, na moja ya sababu alizotoa ni ya mchoraji hasa: hakuna kitu kinachoupokea mwanga kwa upole kama tufe. Kwenye mchemraba mwanga hukatika ghafla penye pembe. Kwenye mcheduara hubadilika kuelekea upande mmoja tu. Kwenye tufe hufifia pande zote bila kikomo kinachoonekana, na mpaka wa kivuli chake, ukiutazama kwa mbele, ni mkunjo wa duaradufu. Ndiyo sababu kuba lina nafasi kubwa hivyo katika kanisa lake, na ndiyo sababu kaburi la heshima alilombunia Newton mwaka 1784 ni tufe kubwa ajabu, lenye kipenyo cha mita 150 hivi. Alichagua maumbo kwa namna yanavyougawa mwanga. Mapambo aliyapunguza kwa sababu hiyohiyo: ua la kuchongwa likiwekwa katikati ya ukuta mpana hulikatiza tabaka la kivuli, na macho huacha kuliona umbo kubwa yakaanza kuhesabu majani.

Kanisa moja, mianga miwili

Turudi ndani ya Métropole. Ramani yake ni msalaba wa Kigiriki, wenye mikono minne iliyo sawa, na kuba juu ya makutano. Nguzo zimepangwa safu kwa safu, na juu yao limepita dari la tao refu lililogawanywa kwa visanduku vya mraba. Katika mchoro wa Fête-Dieu, mtazamaji amesimama mbali na anatazama kuelekea katikati. Watu ni wadogo mno, vijidoa vya brashi, na udogo wao ndio rula ya pekee uliyopewa ya kukisia ukubwa wa mahali. Nguzo za karibu zina kivuli zaidi. Kadiri macho yanavyosogea kuelekea chini ya kuba, wino unapungua, hadi pale karatasi inapobaki karibu tupu.

Unaweza kutafuta madirisha yanayoleta mwanga huo usiyapate. Alikusudia hivyo. Katika insha yake Boullée anaeleza kwamba aliuficha mlango wa mwanga ili mtu aone athari bila kuona chanzo. Nguzo zinazolizunguka kuba zinasimama kati ya jicho na madirisha. Soufflot naye alikuwa amepanga kuba lenye matabaka matatu, moja ndani ya jingine, ambapo tundu la kuba la chini linakuruhusu uone la pili likiwa limepata mwanga kutoka mahali usipopaona. Boullée alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali zaidi. Mwanga usiojulikana ulikotoka, ukiwa ndani ya kanisa, unafanya kazi ya imani kabla padre hajafungua kinywa.

Angalia pia kwamba hapa ile kanuni ya nyuzi 45 imewekwa kando. Hiyo ni ya sura ya mbele na mkato, michoro ya kupima. Mandhari ya ndani ni ya mtazamo wa jicho, ambamo vitu vya mbali hupungua, na jua la kawaida la kushoto halina nafasi. Mwanga unatoka katikati na kuenea nje, kwa hiyo upande wa nguzo ulio gizani ni ule unaotuelekea sisi. Boullée alibadilisha sheria ya kivuli kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Karatasi zile nyingine zinamwambia fundi vipimo. Hii inamwambia muumini atahisi nini akiingia.

Halafu mchoro wa Tenebrae. Hapo wino umetawala. Visanduku vya dari, ambavyo siku ya sikukuu vilihesabika, vimezama. Mwanga uliobaki umejikusanya katikati, na watu wanaonekana kwa miili yao myeusi dhidi ya weupe huo mdogo. Mistari ipo, lakini inapotea ndani ya matabaka, kwa kuwa gizani mtu haoni mipaka ya vitu. Anahisi ukubwa wao tu. Ufundi wa karatasi hii kwangu unazidi ule wa kwanza. Kuacha weupe mwingi ni rahisi kuliko kulinda weupe mchache: tone moja la wino lililoruka pale katikati lingeua mchoro mzima, na hakuna namna ya kulirudisha.

Boullée mwenyewe ameeleza kwamba giza lilimjia kama somo alipokuwa akitembea usiku kando ya msitu, mbalamwezi ikiwaka. Kivuli chake mwenyewe kilimshtua, na vivuli vya miti vilivyochorwa ardhini vikamtia huzuni nzito. Kutokana na hapo akaanza kufikiria usanifu wa vivuli, majengo ambayo umbo lake linafanywa na giza. Alilihusisha wazo hilo na makaburi hasa. Naamini kanisa lake la Tenebrae ni sehemu ya fikra hiyohiyo, maana ibada yenyewe ni ya kifo.

Kwamba hoja yake ilikuwa ya kweli, Paris ilipata kuishuhudia kwa mawe. Kanisa la Soufflot lilikamilika mwaka 1790, miaka 10 baada ya kifo chake. Lina urefu wa mita 110, na kuba lake linafika mita 83. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yaliligeuza kuwa Panthéon, nyumba ya kuzikia watu mashuhuri wa taifa, na mwananadharia wa usanifu Quatremère de Quincy akapewa kulifanya lifanane na kazi hiyo mpya. Moja ya mambo aliyoyafanya ni kuyaziba madirisha ya kuta za chini. Nguzo zilibaki pale pale, vipimo havikuguswa. Lakini mwanga uliokuwa ukiingia kutoka pembeni ulikatwa, ukabaki ule wa juu tu, na kanisa jeupe, jepesi alilolitaka Soufflot likawa ukumbi wa kaburi. Ukilitembelea leo, kuta zile tupu za nje unazoziona zilikuwa na madirisha. Ramani ya Soufflot ingali ileile ukiifuata kwa mstari; ukiifuata kwa kivuli, ni jengo jingine.

Aliyekataa hoja hii alitoka nyumbani mwa Boullée. Jean-Nicolas-Louis Durand alikuwa mwanafunzi wake na alifanya kazi mezani kwake kabla ya kwenda kufundisha usanifu katika École polytechnique, chuo cha wahandisi kilichoanzishwa wakati wa Mapinduzi. Wanafunzi wake walikuwa na muda mchache wa somo hili, na serikali ilihitaji kambi, hospitali na masoko kwa bei nafuu. Durand aliwafundisha kuchora kwa mstari mwembamba, bila matabaka ya wino. Kivuli alikiona kama upotezaji wa muda unaoweza hata kumdanganya mtazamaji. Rangi ilitosha kutofautisha ukuta na nafasi. Alilichukua kanisa la Soufflot kama mfano wa ubadhirifu, akachora kando yake jengo la mviringo, na kuonyesha kwamba duara huzungushia eneo kwa ukuta mfupi kuliko msalaba, kwa hiyo kwa fedha kidogo.

Kwa hesabu, Durand yuko sahihi na hakuna wa kumpinga. Mchoro wake unasomeka kwa haraka, unanakiliwa kwa urahisi, na mhandisi wa mkoani angeweza kuujenga bila kumwuliza mtu. Lakini katika kulinganisha makanisa mawili hayo, hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha mwanga unaingilia wapi saa tatu asubuhi wala unaangukia nini. Duara lake na msalaba wa Soufflot vimewekwa kwenye ukurasa mmoja weupe, wenye mwanga sawa kila mahali, na kwenye ukurasa wa namna hiyo tofauti ambayo Boullée aliichora mara mbili haina mahali pa kuonekana.